Profesa wa Kihispania Ametokea Wapi?

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi. Nilikuwa nasoma uzamili katika idara ya Kihispania huku nikifundisha madarasa ya mwanzo kama msaidizi, na idara ilitaka kurasa mpya za kuwatambulisha walimu wake. Mkuu wa idara alinikabidhi wasifu wa kila mmoja na maelekezo mafupi: aya moja ya ufundishaji, aya moja ya utafiti, basi. Alidhani ningemaliza mapema. Ikanichukua muhula mzima, maana kila nilipoziweka aya mbili za mtu mmoja pamoja, zilisomeka kama za watu wawili wasiofahamiana.

Profesa aliyetufundisha sarufi ya mwaka wa kwanza, tuliyemjua kwa majedwali ya vitenzi, hakuwa na sarufi hata kidogo kwenye orodha ya machapisho yake. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu kesi za wajane wa karne ya 16, na likizo zake zote zilikuwa zikiishia Sevilla, Hispania, kwenye nyaraka. Jirani yake wa ofisi, mwalimu wa mazungumzo, utafiti wake ulikuwa wa kupima sauti kwa milisekunde. Mwingine alifundisha tafsiri, lakini makala zake zilihusu tamthilia za karne ya 17. Mwanafunzi anayejiandikisha haoni lolote kati ya haya. Anaona jina la kozi, saa na chumba.

Huo ndio utaratibu wa idara nyingi za lugha. Mtu huajiriwa kwa sababu ya utafiti wake, kisha sehemu kubwa ya wiki yake inaliwa na kitu kingine. Wanafunzi wengi wako kwenye madarasa ya lugha. Heshima iko kwenye semina za uzamivu zenye watu wachache mezani. Nilianza nikidhani ni kasoro ya idara yetu, kumbe mgawanyo huo ni wa kale kuliko idara zenyewe. George Ticknor alipoanza kazi Harvard mwaka 1819 kama profesa wa Kifaransa na Kihispania, yeye alitoa mihadhara ya fasihi na kusimamia walimu wengine. Kukaa na vijana na kuwasomesha vitenzi ilikuwa kazi ya wasaidizi. Historia yake ya fasihi ya Kihispania iliyotoka mwaka 1849 ndiyo iliyompa jina. Wale wasaidizi, nani anawakumbuka? Miaka 200 imepita na mimi, msaidizi, nilikuwa nimekaa na wasifu za watu naandika aya mbili zisizopatana.

Sasa sidhani kwamba pengo hilo ni ugonjwa. Ninachokitafuta siku hizi, ninaposoma kuhusu profesa yeyote wa Kihispania, ni mahali utafiti wake unapopenya hadi kwenye darasa la chini kabisa. Wengine hawana mahali hapo. Wengine wanapo, na darasa lao halisahauliki kwa urahisi.

Yule wa Sevilla alikuwa napo. Hifadhi anayoifanyia kazi ni Archivo General de Indias, iliyoanzishwa mwaka 1785 kwa amri ya Mfalme Carlos III ili nyaraka za makoloni ya Hispania zikusanywe chini ya paa moja. Ina mafurushi yapata 43,000, na kurasa zake hukadiriwa kufikia milioni 80. Sehemu yake imepigwa picha na inasomwa mtandaoni bila kusafiri, lakini safari haikuwa tatizo kubwa tangu mwanzo. Tatizo ni mwandiko. Makarani wa karne ya 16 na ya 17 walitumia mwandiko uitwao procesal, ambao kalamu hainyanyuki karatasini: maneno yameungana, herufi zimelala, mstari mzima ni kama uzi uliovurugika. Cervantes mwenyewe aliufanyia mzaha. Katika sura ya 25 ya sehemu ya kwanza ya riwaya yake Don Quijote, ya mwaka 1605, bwana anamwonya mtumishi wake Sancho asimpe karani wa mahakama barua yake ainakili, kwa kuwa mwandiko wao hata Shetani hawezi kuuelewa. Mtu anayetaka kufanya utafiti wa aina hii husomea mwandiko huo kwa miaka, na hayo hayaonekani popote kwenye wasifu isipokuwa kwa mtu anayejua kwamba nyuma ya makala moja ya kurasa 20 kuna mafurushi yaliyofunguliwa na kufungwa bila kutoa kitu.

Darasani hakutuonyesha mwandiko huo hata siku moja. Alichokifanya ni hiki. Ilipofika zamu ya subjuntivo, ile hali ya kitenzi inayowatoa jasho wanafunzi wote, alitugawia barua ya mwanamume wa karne ya 16 aliyekuwa amehamia ng'ambo, akimwandikia mkewe aliyebaki Hispania. Barua za namna hiyo zimenusurika kwa sababu za kiofisi tu: aliyetaka kuvuka bahari alihitaji kibali, na mke aliyeitwa na mumewe aliiambatisha barua ya mume kwenye maombi yake kama ushahidi. Profesa alikuwa ameiandika upya kwa tahajia ya kisasa. Akatuambia tupige mstari kila mahali mwanamume huyu anapotaka kitu, anapoogopa kitu, au anapotaja jambo ambalo bado halijatokea.

Ukurasa ukajaa mistari. Anataka mke aje. Anaogopa asije akabadili nia. Anamwambia auze vyombo, amchukue mtoto, asisikilize maneno ya ndugu. Na utakapofika, anasema, utakapofika nitafanya hivi na vile. Kila penye tamaa, hofu au kesho, kitenzi kimegeuza mwisho wake. Jedwali lilikuwa limeshatuambia hivyo wiki nzima na hatukulisikia. Mwenzangu mmoja akauliza swali lisilohusu sarufi hata kidogo: "Profesa, mke alikwenda?" Akajibu kwamba orodha za abiria waliopewa vibali nazo zimehifadhiwa, kwa hiyo mara nyingine unamkuta mke humo kwa jina lake, na mara nyingine unatafuta usimwone. Kuhusu huyu hakutuambia. Alisema tumalize zoezi kwanza, na kengele ikalia kabla hatujamaliza.

Nilipoandika aya zake mbili nikaziunganisha kwa barua hiyo, na huo ndio ukurasa pekee ambao mkuu wa idara hakuugusa.

Mtu wa fonetiki, yule mwalimu wa mazungumzo anayepima sauti, alinipa shida zaidi, kwa sababu wasifu wake ulikuwa mrefu kupita kiasi. Makala kwa makala, nyingi zikiwa na majina manne au matano. Nikamwona mchapakazi kuliko wenzake wa fasihi, ambao wengine walikuwa na kitabu kimoja na makala za kuhesabu. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, dada aliyekuwa amenitangulia, alinicheka: "Unalinganisha vitu visivyolinganishwa. Yeye ana maabara, ana watu wa kugawana kazi. Yule mwenye kitabu kimoja alikaa nacho peke yake miaka minane." Ni kweli. Katika fasihi, hasa kwenye vyuo vya utafiti vya Marekani, anayetaka ajira ya kudumu huangaliwa kama ametoa kitabu kupitia shirika la uchapishaji la chuo kikuu, na kwa kawaida ana miaka kama sita hivi ya kukikamilisha. Katika isimu, makala kwenye majarida ndizo zinazohesabiwa, na kushirikiana ni jambo la kawaida. Ukisoma wasifu wa pande hizi mbili kwa kipimo kimoja, utamwonea mmoja.

Huyu wa fonetiki naye alikuwa na mahali pake pa kupenyeza. Alitumia Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo watu wa sauti duniani kote wanaitumia. Kwenye darasa la mazungumzo kila mmoja alirekodi sentensi fupi zenye p, t na k mwanzoni mwa maneno, kisha profesa akatuonyesha picha ya sauti zetu wenyewe ukutani. Katika Kihispania, baada ya midomo kufunguka kwenye p, sauti ya irabu huanza upesi, kwa kawaida kabla ya milisekunde 30 kupita. Waliokulia kwenye Kiingereza walikuwa wanachelewa hadi zaidi ya 50, na katika nafasi hiyo pumzi inatoka, unaiona kwenye picha kama ukungu. Halafu akazima mashine na kuwapa kila mmoja kipande cha karatasi akishike mbele ya mdomo. Karatasi ikitikisika, rudia. Kijana mmoja aliyekuwa akiambiwa na kila mwalimu kwamba lafudhi yake "bado kidogo" alirudia neno papel mpaka karatasi ikatulia, na kwa mara ya kwanza akajua hiyo "bado kidogo" ilikuwa nini hasa.

Swali ambalo watu huniuliza zaidi ni kama profesa mzaliwa wa nchi inayosema Kihispania ni bora kuliko aliyejifunza ukubwani. Nimefundishwa na wote, nimesoma wasifu wao, na jibu langu halipendezi upande wowote. Aliyejifunza ukubwani anajua por na para, maneno mawili ya "kwa" yanayochanganya, zitakuuma wapi kabla hujafika, maana zilimuuma yeye. Mzaliwa anasikia kosa lako haraka zaidi, lakini kulieleza ni kazi nyingine, na wengi wao walilazimika kuisomea sarufi ya lugha yao kama wageni. Kilicho muhimu kuliko mahali pa kuzaliwa ni kama mtu huyo amewahi kusimamiwa akifundisha. Kuna maprofesa waliopata uzamivu bila kukanyaga darasa la wanaoanza. Kuna waliolipia masomo yao kwa kufundisha madarasa hayo miaka mitano mfululizo, mwalimu mzoefu akiwa amekaa nyuma na daftari. Wasifu unakuambia. Tafuta sehemu ya kazi walizofanya wakiwa bado wanafunzi.

Halafu kuna nasaba. Katika wasifu mwingi jina la msimamizi wa tasnifu limo, na nilianza kuyafuata majina hayo kwenda nyuma kwa udadisi tu. Ukifuata vizuri, katika idara nyingi za Amerika zote mbili unajikuta mwaka 1936. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, viliwatawanya wasomi wa kizazi kizima. Tomás Navarro Tomás, ambaye mwongozo wake wa matamshi wa mwaka 1918 ulifunza vizazi, alihamia Columbia, New York. Américo Castro alifundisha Princeton. Washairi Pedro Salinas na Jorge Guillén walifundisha Wellesley, chuo cha wanawake. Mexico ilifungua La Casa de España mwaka 1938 kuwapokea wakimbizi, na taasisi hiyo ikageuka kuwa El Colegio de México. Na hata kabla yao, kiti cha kwanza cha Kihispania katika chuo kikuu kipya cha London, mwaka 1828, kilipewa Antonio Alcalá Galiano, mwanasiasa aliyekuwa uhamishoni. Kwa hiyo taaluma hii kwa kiasi kikubwa ilijengwa na watu ambao hawakuwa wamepanga kuwa maprofesa ng'ambo. Nilipomwambia profesa mmoja mstaafu kwamba msimamizi wa msimamizi wake alikuwa mwanafunzi wa mmoja wa wakimbizi hao, alitabasamu akasema ndiyo maana alifunzwa kusoma shairi kwa sauti kabla ya kufungua mdomo kulichambua. Tabia hiyo ilikuwa imesafiri mkono kwa mkono, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwafanyia wanafunzi wangu bila kujua nimeipata wapi.

Wasifu mmoja nilibaki nao muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ulikuwa wa profesa aliyeshughulikia Kihispania cha Guinea ya Ikweta. Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968 na Kihispania kikabaki lugha rasmi, lakini vitabu vingi vya kiada nilivyovitumia vilichora ramani ya lugha hii kana kwamba inaishia kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar. Watafiti wake ni wachache. John Lipski, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya Kihispania cha huko mwaka 1985, na mwandishi Donato Ndongo-Bidyogo kutoka nchi hiyo amewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Missouri. Profesa wetu alikuwa ameingia uwanja huo kwa mlango wa nyuma: tasnifu yake ilihusu mambo mengine kabisa, na alibadilisha mwelekeo baada ya kupata ajira ya kudumu, wakati ambapo mtu anaweza kujaribu bila kuogopa kufukuzwa. Ukiona wasifu umepinda ghafla namna hiyo, angalia mwaka. Mara nyingi utakuta ni mwaka mmoja au miwili baada ya kupandishwa cheo.

Yeye alikuwa akileta rekodi za wazungumzaji wa Guinea ya Ikweta kwenye darasa la wanaoanza, jambo lililowaudhi baadhi ya wenzake walioona ni mapema mno. Nikiwa msaidizi wake nilikaa nyuma nikiangalia. Wanafunzi waliokuwa wamesumbuka na rr, ulimi ukikataa kutetemeka, walisikia watu wanaosoma, wanaofanya kazi na kugombana kwa Kihispania maisha yao yote, na ambao wengi wao hawatofautishi sana r na rr. Walisikia usted, "wewe" ya heshima, ikifuatwa na kitenzi cha tú, "wewe" ya kawaida. Msichana mmoja akauliza kama naye akisema hivyo atapata alama. Profesa akamwambia hapana, kwenye mtihani wangu hapana, halafu akamweleza bila kuficha kwa nini mtihani wake unafuata kawaida ya mahali fulani na si pengine, na nani aliyeamua hivyo. Kipindi kizima kikaishia kwenye mjadala huo. Sijui kama walijifunza rr.

Kundi lililonipa uchungu ni la wahadhiri wa mikataba. Ndio walikuwa na madarasa mengi kuliko wote, na wasifu mfupi kuliko wote. Nilipofika kwenye aya yao ya utafiti nikamuuliza mkuu wa idara niandike nini. "Iache," alisema. Sikuiacha. Mmoja wao alikuwa mtahini aliyeidhinishwa wa DELE, mitihani inayosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ambayo Hispania iliiunda mwaka 1991. Yaani alikuwa amefunzwa kutofautisha viwango vya lugha vya B1 na B2 kwa kusikiliza tu mtu akiongea dakika chache. Mwingine alikuwa ametunga mtihani wa kuwapanga wanafunzi wapya madarasani, na kila mwaka alikuwa akirudi kuangalia ni maswali yapi yanawapotosha. Ikiwa huo si utafiti, basi sijui neno hilo linamaanisha nini. Niliandika hivyo, kwa lugha ya adabu zaidi. Mkuu alikata nusu, akaacha nusu.

Hispania kwenyewe wana namna ya kuandika tofauti hii rasmi. Profesa wa chuo cha umma huomba utambuzi wa utafiti kwa vipindi vya miaka sita, sexenio, na wa ufundishaji kwa vipindi vya miaka mitano, quinquenio. Kwenye sexenio unapeleka machapisho yako yapimwe, na unaweza kunyimwa. Quinquenio maprofesa niliowasikia wanaizungumzia kama kitu kinachokuja chenyewe ukishatimiza miaka. Ukikutana na wasifu unaojitapa kwa sexenio nne, umeambiwa kitu kizito juu ya upande mmoja wa mtu huyo. Upande wa pili itabidi uutafute mwenyewe.

Na mimi nilikuja kuutafuta kwa faida yangu, nilipotaka msimamizi. Wakati huo nilikuwa nimeshazijua kurasa zote za idara kwa kuwa nilikuwa nimeziandika, na nilijua zinaficha nini. Machapisho ya miaka mitatu ya karibuni niliyaangalia, ndiyo, kuona kama mtu bado anafanya kazi kwenye mada aliyojulikana nayo au ameshaihama. Niliuliza ofisini nani anakwenda likizo ya utafiti mwaka unaofuata. Lakini kilichoniamulia ni kurasa za shukrani za tasnifu zilizokuwa zimewekwa maktaba. Watu husema ukweli pale kuliko wanavyodhani. Profesa maarufu kuliko wote alishukuriwa kwa "msukumo" na "mfano wake". Mwanafonetiki alishukuriwa, na watu wasiopungua wanne kwa miaka tofauti, kwa kurudisha sura zikiwa zimejaa maandishi pembeni ndani ya wiki mbili. Nilimwandikia jioni hiyohiyo, ingawa mada yangu ilikuwa ya fasihi. Alinijibu kwamba yeye si mtu sahihi wa mada hiyo, akanipa jina la mwenzake wa chuo kingine, na akaongeza kwamba sura ya kwanza ikiwa tayari nimpelekee hata hivyo.